Bahari Yetu ya Chang'ombe

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Manyoni, katika nyumba ya wageni ambayo chumba chake kina kitanda, kiti kimoja na ndoo ya maji ya kuoga. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimelala katika vyumba vya namna ile mara nyingi kuliko nilivyolala kwangu. Asubuhi nilipoinua ndoo nikaona, pale maji yalipokuwa yamefika jana, mstari mweupe mwembamba kama uzi. Nikapitisha kidole, nikalamba. Ilikuwa chumvi tu, ile ya maji ya kwetu huku kati. Lakini nilikaa kitandani na taulo begani mpaka mhudumu akaja kugonga, akiuliza kama ninaondoka au ninaongeza siku. Sikuwa Manyoni. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimepiga magoti mbele ya sanduku la kioo huko Chang'ombe ya Dodoma, ninahesabu samaki.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, tena za kila rangi. Foleni za sukari zilikuwa zimebaki kuwa masimulizi ya wakubwa, na mitumba ilimwagwa chini sokoni mpaka mtu unachagua hadi unachoka. Wakati huohuo baba za watu walianza kurudi nyumbani saa nne asubuhi wakiwa na bahasha mkononi. Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma lenye ghala karibu na reli. Siku moja shirika likawa halipo tena. Jengo lilikuwepo, geti lilikuwepo, hata mlinzi alikuwepo, ila shirika halikuwepo, na mimi nilishindwa kabisa kuelewa limekwenda wapi.

Wiki ileile mdogo wangu Haruni alikufa. Aliishi siku kumi na moja. Mvua zilikuwa kubwa. Wanaume wa mtaa walikuja asubuhi, Baba akamkumbatia kifuani ndani ya kitambaa cheupe, wakaondoka naye. Wanawake walibaki mkekani na Mama, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa kwetu, kwamba mwanamke hafuati jeneza. Baadaye wanaume walirudi na matope mpaka magotini, wakanawa, wakala wali. Baba hakula. Alibadilisha shati akatoka tena, kwa sababu mchana ule ndio walikuwa wanaitwa mmoja mmoja kusaini barua zao za kuachishwa kazi.

Tangu hapo Mama alilala akiutazama ukuta. Aliamka kupika, alifua, alinichana nywele, ila yote aliyafanya kimya, na akimaliza alirudi kitandani na kuugeukia ukuta uleule. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Mvua zikaisha, upepo wa kiangazi ukaanza kubeba vumbi jekundu na kutumwagia ndani ya sufuria.

Mama alikuwa mtu wa pwani, wa kijiji kimoja upande wa Tanga. Baba ni Mgogo wa Bahi. Alimkuta huko alipotumwa na shirika kupokea mizigo bandarini, akasilimu, akamwoa, akamleta Dodoma. Kwa hiyo majirani walipoanza kutafuta maelezo ya ugonjwa ule usio na homa, maelezo yalikuwa karibu. Mama Yohana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyatoa mbele yangu bila kupunguza sauti.

"Baba Hadija, mtu wa pwani hakai mahali pakavu namna hii. Anakauka. Mwili wake umezoea bahari."

"Mama Yohana, huyu amekaa hapa miaka kumi."

"Alikuwa na akiba yake mwilini. Sasa imekwisha. Usipomrudisha kwao atakukaukia hapahapa, utabaki unamwangalia."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtu. Mimi sikucheka. Mchana ule nilikwenda kuzikagua nyayo za Mama akiwa amelala, nikakuta visigino vimepasuka. Visigino vya watu wote wa Dodoma hupasuka msimu wa upepo, hata vyangu vilikuwa vimepasuka, lakini sikufikiria hivyo. Nilikoroga chumvi katika kikombe cha maji nikamnyunyizia miguuni. Alikunja mguu bila kufumbua macho. Nikaona maji yamepenya, nikashukuru.

Halafu barua ikaja. Mjomba Athumani, kaka yake Mama, aliandika kwamba baada ya Idi kubwa atakuja kumchukua dada yake akapumzike kwao. Neno hilo la kupumzika nililijua. Rafiki yangu wa darasani, mama yake alikwenda kwao kupumzika, na alikuwa anapumzika mwaka wa nne. Baba aliisoma ile barua akiwa kibarazani, akaikunja mara nne, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Hadija mama, wewe bahari unaijua?"

"Sijaiona, Baba."

"Basi utaiona. Kabla ya Idi utaiona."

Alikuwa ameiona sandukuni, huko Dar es Salaam, katika ofisi ya mkurugenzi wao: maji ya bahari yenyewe ndani ya kioo, na mawe yenye uhai, na samaki wanaopita kama wako kwao. "Kama yeye aliweza kuweka bahari gorofa ya sita," alisema, "mimi nitashindwaje hapa chini?"

Vitu vya shirika vilipogawanywa, wenzake walichukua viti na mafeni. Baba alikuwa amechukua vioo vya kabati la maonyesho la pale mapokezi, watu wakamwona amechanganyikiwa. Sasa alivibeba kwa fundi Iddi, fundi vioo wa barabara ya pili, nami nikimfuata nimeshika kile kidogo cha pembeni.

"Kwa hiyo unataka kabati lisilo na mlango," alisema fundi Iddi.

"Nataka likae maji."

"Maji ya bomba yenyewe yanakuja Jumanne na Ijumaa, wewe unataka kuyafungia kabatini? Wenzio wanayaficha kwenye pipa!"

"Maji ya bahari, fundi."

Fundi Iddi aliweka chini kikata kioo chake. "Shemeji anaendeleaje?" akauliza, taratibu, na baada ya hapo hakutania tena. Aliunganisha vile vioo kwa gundi ya silikoni, tukaacha vikauke siku mbili. Tulipojaza maji kona moja ikavuja. Tukakausha, akapaka tena, ikavuja kona nyingine. Mara ya tatu ikakaa. Lilikuwa sanduku dogo tu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, lakini lilipojaa maji ilibidi lipumzishwe juu ya matofali, maana meza yetu ilianza kulia. Na kwa kuwa Mama alikuwa anautazama ukuta, Baba aliiweka bahari palepale ukutani, usawa wa macho yake.

Kisha akapanda treni kwenda pwani. Alikaa siku nne. Aliporudi alikuwa anasukuma mkokoteni wa kukodi kutoka stesheni, ndani yake madumu sita ya maji ya bahari, pipa dogo la mawe yaliyofunikwa magunia yenye maji, na samaki katika mifuko ya nailoni iliyofura kama maputo. Watoto wa mtaa walimzunguka wakiimba, "Mvuvi! Mvuvi wa Chang'ombe!" Baba akawapungia mkono kama kiongozi anayekuja kufungua daraja. Nilimwonea fahari kiasi kwamba nilitembea mbele ya mkokoteni nikifukuza kuku.

Harufu ndiyo iliyoingia kwanza ndani. Chumvi, kutu, na kitu kinachotaka kuoza lakini hakijaoza. Tulitandika mchanga, tukapanga yale mawe. Sikuwa nimejua kwamba jiwe linaweza kuwa hai. Yalikuwa na ngozi ya zambarau, na vitundu ambavyo ukisubiri kwa utulivu vinatoa vidole vyembamba kama manyoya, ukipunga mkono vinarudi ndani. Kulikuwa na mnyama kama ua, aliyejishika juu ya jiwe na kutikisa mikono yake mingi. Kulikuwa na kaa aliyebeba nyumba ya konokono mgongoni. Samaki walikuwa sita: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kitatange mmoja wa njano aliyebapa kama sahani, na watatu wadogo wa buluu. Hatukuwamwaga. Mvuvi aliyemuuzia alikuwa amemwagiza Baba awaache kwanza wakielea ndani ya mifuko yao mpaka miili izoee joto la maji. Tukangoja. Mota ndogo ya kupuliza hewa ikaanza kutoa mapovu, na chumba chetu kikawa na sauti kama ya mtu anayechemsha chai polepole.

Mama aliinuka, akakaa kitako kitandani. Akatazama. Baba alisimama nyuma yake na shati lililolowa, hajui aweke wapi mikono yake.

"Umewaona?"

Mama alitikisa kichwa kwamba amewaona. Jioni ile alikula ugali pamoja nasi, akiwa ameketi, mara ya kwanza tangu mvua. Baba alinitazama juu ya sahani na kunikonyeza, na mimi nikajua kwa hakika, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba hesabu iko hivi: samaki sita wakiishi, Mama habaki mkavu, asipobaki mkavu, Mjomba atakuja, atakunywa chai, ataondoka peke yake.

Baba aliondoka kila asubuhi kutafuta kibarua, mara Mkonze kwenye nyumba zilizokuwa zinajengwa, mara sokoni. Bahari iliachwa kwangu. Alikuwa amechora alama nyekundu kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Mama, maji yasishuke hapo. Na yalishuka. Upepo wa Dodoma hauachi kitu. Unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kila jioni maji yalikuwa chini ya alama kwa upana wa kidole changu.

"Bahari haiongezwi maji matupu," Baba alinifundisha. "Ikipungua bahari, unaongeza bahari. Jagi moja la maji, kikombe kimoja cha chumvi. Koroga mpaka usione kitu chini."

Chumvi yenyewe ilikuwa ya bibi yangu wa Bahi. Wanawake wa huko, kiangazi mbuga ikikauka, huchota udongo wa juu wenye chumvi, huuchuja kwa maji kisha huyachemsha yale maji mpaka ibaki chumvi peke yake. Bibi alituletea katika kibuyu. Baba alifurahi kwamba bahari ya mke wake inajazwa kwa chumvi ya kwao. Niliona anavyoipima kwa mkono, kama mtu anayetoa mahari mara ya pili. Kwa hiyo kila jioni, nikitoka shule, kabla ya kuvua sare, nilikoroga jagi langu. Sikukosa hata siku moja. Nawaambia hivi ili mjue kwamba halikuwa jambo la uzembe.

Kitatange alikufa kwanza. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga, rangi yake ya njano imefifia kama kanga iliyofuliwa sana. Baba aliporudi aliinama mbele ya kioo.

"Hajazoea," akasema. "Maji yamepungua nguvu. Tia vikombe viwili."

Nikatia viwili. Wiki hiyo wakafa wawili wa buluu. Mnyama yule wa ua alijikunja akawa kama ngumi. Kwenye ukingo wa kioo kukaota ukoko mweupe ambao niliufuta kwa kitambaa kila siku nikidhani ni vumbi la chokaa. Na kama hiyo haitoshi, mgao wa umeme ukaingia mtaani kwetu: unakatika asubuhi, unarudi magharibi. Mota ikanyamaza. Baba alikumbuka alivyoambiwa, kwamba maji yasipotikiswa samaki watakosa pumzi, basi siku hiyo hakwenda kibaruani. Alichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, anachota, anamimina. Mikono ikimchoka, ninashika mimi. Nikichoka, anashika yeye. Tulifanya hivyo kutwa, siku tatu mfululizo, nami sikwenda shule. Mama Yohana alichungulia dirishani akasema, "Jamani, nyie mnaosha maji?"

Siku ya tatu Baba aliacha kopo, akaweka paji la uso kwenye kioo. "Idi ni wiki ijayo," alisema. Hakuwa anasema nami. "Ee Mola, wiki ijayo." Nilimwona mabega yanatikisika. Nikalichukua kopo nikaendelea kumimina, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia mtu mzima anayelia.

Siku ya nne alitoka kwenda kumtafuta mtu aliyesemekana ana betri ya gari. Samaki wa buluu wa mwisho alikuwa amekufa. Nilimtoa kwa kijiko, nikamzungushia kipande cha karatasi ya daftari, nikaenda naye uani, pembeni ya bomba, nilikowazika wenzake. Nilichimba kwa kifuniko cha chupa. Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amesimama mlangoni, kajishika kwenye fremu.

"Unafanya nini hapo?"

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Niliogopa, nilidhani atagundua idadi.

"Namzika, Mama."

"Na wengine?"

"Huyu hapa ni kitatange. Hapa ni wa buluu wa kwanza, hapa wa pili. Nimewawekea vijiwe ili nisiwachanganye."

Mama alikuja akachuchumaa. Alivitazama vile vijiwe kimoja kimoja, akagusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona usoni mwa mtu mwingine, ukafunguka wote kwa pamoja, na sauti iliyotoka haikuwa kilio cha mtu anayelilia samaki. Nilianza kuomba radhi. Nilimwambia nitawaangalia wawili waliobaki, nitatia chumvi mara tatu, asiondoke.

"Utatia nini?"

"Chumvi. Kila jioni natia. Hata leo sijakosa."

Alinyanyuka akaingia ndani, nikimfuata. Akachovya kidole ndani ya bahari yetu, akaonja, akatema mate mlangoni.

"Hadija! Nani kawaambia mtie chumvi?"

"Maji yanapungua, Mama."

"Maji ndiyo yanayopungua. Chumvi haiendi popote." Alikwangua ule ukoko mweupe kwa ukucha akanionyesha. "Mimi nimekulia kwenye mashamba ya chumvi. Tunafungia maji ya bahari katika majaruba, jua linabeba maji, chumvi inabaki, tunakomba. Toka nikiwa mdogo kuliko wewe, mikono inawaka, miguu inapasuka. Nyie mmetengeneza jaruba humu ndani. Mmewakausha."

Tulitoa maji nusu, tukajaza ya bomba yaliyolala kwenye pipa, kidogo kidogo. Mikono yake ilijua kazi. Samaki wawili wa chungwa waliokuwa wameegemea jiwe kama wagonjwa wa zahanati walianza kutikisa mapezi. Wawili wangetosha, niliamua. Hesabu ilikuwa yangu, ningeweza kuibadilisha.

Baba alirudi mikono mitupu. Alimkuta Mama amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kanga ameifunga kifuani, macho makavu.

"Bahari ulimletea nani?" Mama alimuuliza.

Baba alishtuka kwa kusikia sauti tu. "Wewe. Nilidhani unaikumbuka kwenu."

"Mimi bahari niliikimbia, Baba Hadija. Niliolewa ili nisiione tena. Ungeniuliza." Akavuta pumzi. "Huyu mtoto anajua kila samaki wake amelala wapi. Mimi nimezaa, nimenyonyesha siku kumi na moja, sijui mwanangu amelala wapi. Hujaniambia hata ni upande gani wa makaburi. Miezi yote hii nangoja useme."

"Wanawake hawaendi..."

"Sikwenda. Nilikaa mkekani kama mlivyotaka. Sasa nipeleke."

Baba aliketi sakafuni, juu ya maji tuliyomwaga. Alisema "nitakupeleka" kwa sauti ndogo mno, halafu siku zikapita na hakumpeleka. Alikuwa na kibarua. Alikuwa na kichwa kinachouma. Idi ikaja, ikaenda. Mama aliacha kuutazama ukuta, akaanza kumtazama Baba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akaanza kukunja nguo zake.

Mjomba Athumani alifika Alhamisi na tiketi mbili za basi la kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu mpole mwenye kanzu safi, alinipa pipi, akaitazama bahari yetu akasema, "Ajabu, nimetoka kwenye maji nimekuja kuyakuta kwenye vumbi." Asubuhi ya Ijumaa Mama alivaa baibui lake, begi likiwa mlangoni, akasimama mbele ya Baba.

"Niko tayari kuondoka. Ila kwanza nipeleke."

"Dada, mwanamke makaburini?" alisema Mjomba.

"Kaka, wewe kaa unywe chai."

Tulikwenda watatu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nami nilijua kwamba nyumbani hakuna wa kumimina maji. Nilimwambia Baba, hakunisikia. Makaburi ya watoto yalikuwa kona ya chini, karibu na mkondo. Niliona vituta vidogo vingi, vingine vina kijiti, vingine havina kitu, mvua za mwaka ule zilikuwa zimevilaza vyote karibu sawasawa na ardhi na jua likavigandisha. Baba alitembea mbele. Akasimama kwenye kimoja, akasogea kingine. Akarudi cha kwanza.

"Ni hapa."

Mama akapiga magoti.

"Au... ngoja. Kulikuwa na mti mdogo." Aligeuka huku na huku. Hapakuwa na mti wowote. "Tulipomaliza mvua ilinyesha sana. Nilikuwa nawahi kwenda kusaini. Nilisema nitarudi kuweka alama. Niliporudi palikuwa hivi." Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mke wangu, sijui. Nimekuja hapa mara nyingi. Sijui ni lipi."

Nilidhani Mama atampiga. Nilidhani atapiga yowe, atageuka, atakwenda zake stendi bila kupitia nyumbani. Alikaa pale chini kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akainuka, akajifuta magoti, akaanza kwenye kituta cha ukingoni kabisa. Aliinama, akakisalimia, "Assalaamu alaikum, mwanangu," akainua mikono, akasoma dua yake. Akasogea cha pili. "Assalaamu alaikum, mwanangu." Cha tatu. Alipofika cha nne alimwambia Baba bila kumtazama, "Lete maji," na Baba akakimbia, naam, akakimbia mtu mzima yule, akaazima ndoo kwa mlinzi wa makaburi. Mama akawa anamwagia maji kidogo kwenye kila kituta baada ya dua, kama inavyofanywa kwa kaburi la mtu unayemjua.

Baba alichota kwenye bomba la getini, mimi nikabeba. Safari ya nne au ya tano nilishindwa kujizuia.

"Mama, umeme umekatika. Samaki watakufa."

"Watakufa, mwanangu," alisema, mikono yake ikiwa bado juu.

"Wakifa utaondoka."

Akashusha mikono. Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Haruni, na nikaona anaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekibeba peke yangu, kila jioni, na jagi lile. Hakusema kwamba si kweli. Aliweka kiganja chake chenye tope juu ya kichwa changu, akakiacha hapo kidogo, kizito, chenye baridi.

Mjomba alitokea getini akihema, begi la Mama begani. "Dada! Basi linaondoka! Nimewaomba wasubiri dakika kumi tu."

Mama aligeuka akaitazama ile kona. Alikuwa hajafika hata nusu. Baba alikuwa amesimama kando ya bomba na ndoo iliyojaa, maji yanamwagikia viatu vyake, hathubutu kusogea wala kuiweka chini.

"Nenda, kaka," Mama alisema. "Mimi sijamaliza."

Akapiga magoti kwenye kituta kilichofuata, na Baba akaleta maji.